Pwari ya Kanyere Hairudi Mutupu

Banc ya kwetu, pale avenue inakutana na barabara ya kushuka ku soko, ni ubao ya ubavu wa lori. Lori ilikuwa ya Mashaka. Balimuchomea yeye ku barabara ya Manguredjipa, na kitu aliweza kuokoa ni ule ubao tu. Aliubeba ku kichwa siku mbili, akasema hawezi kuingia kwa bibi yake mikono mitupu. Tangu ile siku batu banamuita Sans Moteur, mutu bila injini. Tuliuweka juu ya matofali mbele ya mulango yangu, ju mimi Kanyere njo nauzaka kahawa pale, na juu ya ule ubao banaume batatu banakaaka tangu jua kutoka. Ilikuwa Butembo, mwaka wa elfu mbili, vita imefunga barabara zote. Mwanaume bila kazi anakuwa na maarifa mingi kupita kichwa yake. Nilibavumilia muda murefu. Ile asubuhi nataka kukuambia, uvumilivu ilinishinda.

Luc, mutoto ya binti yangu Rébecca, alikuwa na miezi kumi na moja, na alikuwa anaharisha siku ya ine. Nyuma ya pazia nilikuwa nasikia Rébecca anamubembeleza. Mutoto hakuwa analia tena, anatoa kasauti tu sawa ka paka kadogo. Macho yake iliingia ndani. Tulishamupiga pwari mara mbili, na nilikuwa nangoja pwari yangu irudi kutoka kwa jirani yetu Jokébed ili nimupige ya tatu. Pwari ilichelewa. Na bale batatu banakunywa tu kahawa na kusema.

Pwari, kwa mwenye haijui, ni ule mupira mwekundu, ukubwa ya avoka, uko na mudomo murefu mweusi. Unauminya, unauachilia, unanyonya maji ya dawa. Unaingiza mudomo nyuma ya mutu, unaminya tena, na tumbo inafunguka. Kwetu hakuna mutoto alikomala bila pwari. Homa, pwari. Meno inaota, pwari. Analia bila sababu, pwari na tangawizi ndani. Yangu niliinunua ku pharmacie wakati ya Zaïre, na mu vita njo moja tu ilibakia ku avenue nzima. Ku centre de santé basoda balishabeba hata magodoro. Donc hospitali ilikuwa ni pwari yangu. Ilitembea nyumba kwa nyumba, imefungwa mu kitambaa yangu ya maua, na nilijivuna nayo, sitakuficha.

Na batu ba kwetu bako na adabu. Chombo ya mutu hairudi mutupu. Nikikuazima kitunga, utairudisha na viazi mbili ndani. Nikikuazima sufuria, utatia hata mukono moja ya sombe, majani ya muhogo. Sasa mu pwari mutu atatia nini? Jokébed njo wa kwanza kupata akili. Aliirudisha na dawa kidogo imebakia ndani, ukiitikisa unasikia inacheza. Nilimusifu pale ku banc mbele ya bote, nikasema huyu alilelewa. Kesho yake kila nyumba ikafanya vile.

Mutu mumoja tu alikataa, Virginie muuza chumvi, bibi ya Maliro. Yeye aliirudisha mutupu. Kavu kabisa, na inanuka sabuni. Nikamuuliza kama ameona mimi ni muchafu, mpaka anaosha kitu yangu. Akasema, bila haya, kwamba aliichemusha kisha ya kutumia, na hata mbele ya kutumia aliichemusha. Hata mbele. Nikamuambia asiweke tena muguu ku mulango yangu kuazima kitu. Zilikuwa zimepita wiki mbili, hatusalimiane.

Basi tumbo ilikuwa imeshika avenue yote, na ile asubuhi Salomon njo alianza. Salomon banamuita Radio Bila Pile: radio iko nayo, pile ya kuiwasha hana, habari anazitengeneza yeye mwenyewe.

— Nyumba tisa, alisema. Nimehesabu. Nyumba tisa zinaharisha ku avenue moja. Hii haiko ugonjwa. Hii ni mupango.

— Mupango ya nani? Mashaka akauliza.

— Basoda. Banatia unga mu kisima.

Mashaka akamuuliza ju ya nini batu ba avenue ya chini, benye kuchota ku kisima ile ile, banalala muzuri. Salomon hakushituka. Akasema ni unga ya kisasa, inachagua. Inasoma mutu kwanza, inaangalia anatoka avenue gani, kisha inaingia.

Mu nyumba Rébecca akaniita. Nikaingia. Luc alikuwa ameharisha tena, maji tu, sawa maji ya muchele. Nikafinya kidogo ngozi ya tumbo yake, ikabakia imesimama sawa kitambaa. Nikamuambia binti yangu avumilie, pwari iko njiani, uchafu ingali ndani na lazima itoke yote. Nilisema vile na mudomo yangu hii.

Nilipotoka, ilikuwa zamu ya Zorobabel. Huyu alikuwa préfet wa discipline mbele shule ifungwe, na mpaka leo anasema na kidole. Alikuwa amefika ku chawa.

— Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Ni nini inakaa mu nguo? Ni chawa. Sabuni imepanda bei, batu habafue, chawa inazaa. Chawa inakunywa damu, damu inapunguka, na maji inabakia yenyewe mu mwili. Donc mutu anaharisha. Ni mantiki.

— Mais Préfet, mimi sina chawa na ninaharisha, Mashaka akasema.

— Chawa yako ilishashiba ikaenda.

Nikabaambia kwamba mu nyumba kuko mutoto mugonjwa, baseme polepole. Balipunguza sauti, lakini habakupunguza ujinga. Mashaka naye akatoa yake. Kwa yeye ni moshi. Malori mingi ilichomwa mu pori, matairi iliungua, ule moshi ulipanda juu, mvua ikaunyesha ku viazi. Nusu ya avenue, alisema, inakula lori yake bila kujua, na siku moja itabidi bamulipe.

— Matairi gani ya kuchagua avenue? Zorobabel akamuuliza.

— Haiko mimi nilisema unga inasomaka mutu. Muulize Radio.

Hapo Salomon akaweka kikombe chini. Mimi namujua. Akiweka kikombe chini, maneno mubaya inakuya.

— Muache kutafuta nani anaharisha, alisema. Mutafute nani haharishe. Ku hii avenue, ni nyumba gani moja iko muzima?

Hakuna mutu alihitaji kufikiri. Ilikuwa nyumba ya Virginie. Maliro muzima, yeye muzima, batoto batano bazima, banacheza mu kiwanja na mashavu manene.

— Na anatoka wapi ule mwanamuke? Kipese. Kule juu. Haiko mutu wa hapa. Na anauza nini? Chumvi. Barabara imefungwa, mimi sina pile, Mashaka hana moteur, na yeye chumvi haimwishie. Jiulize alipatana na nani, na alilipa na nini.

— Na nini? Mashaka akauliza polepole.

— Na matumbo yetu.

Zorobabel akainua kidole. Akasema njo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Akatufasiria: mugeni akikuya, mwenyeji akimbie, labda atapona. Miaka kumi na ine alikuwa anafundisha batoto ba batu.

Balianza kusema vile batafanya. Salomon alitaka baite bijana ba avenue, saa ya mangaribi, baende kwa Maliro kuuliza. Kuuliza tu, alisema. Mimi najua kuuliza ya vile inamalizikaka namna gani. Mwaka ule bibi muzee mumoja ku quartier ya juu aliulizwa, na nyumba yake ilibakia majivu. Ningepashwa kubakatalia pale pale. Sikusema kitu. Moyo yangu ilifurahia kidogo, Mungu anisamehe. Nilikumbuka ile pwari kavu, ile harufu ya sabuni, nikasema ndani yangu: ajionee.

Ni pale mwanamuke mumoja alipanda kutoka barabara ya chini, na furushi ku mugongo na miguu imefungwa mu vitambaa. Akasalimia bote, akauliza kama anaweza kukaa. Mashaka akasogea, akamupa nafasi. Nikamumiminia kahawa, akasema hapana, maji ya moto tu, kama iko, ile imechemuka muzuri. Jina lake ni Agar. Alitoka Manguredjipa na miguu, siku sita mu pori, na ndugu zake ba quartier ya Beu, kule Beni, balikuwa banamungojea, lakini barabara ya Beni haikuwa inapitika ile wiki.

Mashaka hakumuacha hata apumue. Akamuuliza kama aliona mifupa ya Benz moja ya bluu, kilometa arobaini na tatu.

— Iko pale, Agar akasema. Batu banapika ndani. Iko muzuri kwa mvua.

Sijui kama Mashaka alifurahi ao alihuzunika. Salomon akaona kwamba habari inamupita, akauliza mugeni alikuwa anafanya kazi gani kule. Akasema infirmière, muuguzi, miaka kumi na mbili. Oh, hapo banaume bote batatu balisimamisha migongo. Zorobabel akasema kwa Kifaransa kwamba kumbe Mungu ametuma juge wa kutuamua, na moja kwa moja bakamumwagia yote: kisima, chawa, matairi, chumvi, nyumba tisa na nyumba moja. Agar alikuwa anasikiliza, anapuliza maji yake.

Jokébed njo akafika, mbio mbio, na kitambaa yangu ya maua mu mikono.

— Unisamehe, mama Kanyere. Baba mukwe alitusumbua. Amepigwa mbili usiku na moja asubuhi, na bado.

Nikafungua kitambaa, nikatikisa pwari. Ilisema chwa-chwa ndani. Hata mu hasira ile nilimushukuru. Nikamuambia wasingya, wewe unajuaka kuishi na batu. Tayari nilikuwa na maji ya tangawizi mu kisahani. Nikaita Rébecca alete mutoto.

— Mama, Agar akasema. Hiyo inatoka kwa nani?

— Kwa huyu. Baba mukwe yake anaharisha.

— Na inaenda kwa nani?

— Kwa mujukuu wangu. Naye anaharisha.

— Na hapo katikati, nani anaioshaka?

Hata siku basoda balipita na bunduki, Salomon alikuwa anasema chini chini. Sasa aliangalia mu kikombe sawa mwenye ameangusha kitu ndani. Mashaka alijikuna goti. Zorobabel akasema “en principe”, akaishia pale, kidole juu, hakuna kitu nyuma yake. Nami nikamuangalia Jokébed, ju nilitaka yeye ajibu.

Jokébed alikasirika.

— Niioshe ya mutu? Niirudishe mutupu? Mimi niko Virginie?

Lile jina likaanguka pale katikati yetu. Nyumba tisa zenye adabu na nyumba moja yenye sabuni. Nilimuona Salomon anahesabu tena, na safari hii hesabu ilikuwa inamuangukia.

Nikasimama, nikamujibu Agar vibaya. Nilimuambia kila mangaribi ninasugua vikombe vyangu na majivu na maji ya moto, hakuna mutu aliwahi kuona alama ya mudomo ku kikombe yangu, aulize bote. Yeye hakubishana. Akasema anaona, vikombe vinang’aa. Kisha akaninyoshea mukono, nikamupa pwari sijui ju ya nini, na akaiminyia mu kisahani nyeupe mbele yetu.

Sitakuambia ile kitu ilitoka. Mashaka, mutu wa lori na matope, aligeuza kichwa. Harufu ilifika mpaka kwa Zorobabel ku mwisho wa banc.

— Hii iko ya mutu yupi? Agar akauliza.

Ilikuwa ya muzee wa Jokébed. Na ya mwenye alikuwa nayo mbele yake. Na ya mwenye mbele yake. Na mara mbili nilikuwa nimeitia mu tumbo ya mutoto wetu, kwa nguvu, na nilikuwa nasema pole, pole, hii njo itakuponyesha. Luc hakuwa anaharisha ile siku ya kwanza. Alikuwa anaota meno tu. Hiyo nilikumbuka pale nimesimama, nikakaa chini mu vumbi.

— Nimemuua, nikasema.

— Bado, Agar akasema. Lete huyo mutoto.

Rébecca alikuwa amesimama ku pazia. Alikuwa amesikia yote. Agar akamupokea mutoto, akafinya tumbo vile nilifinya, akaangalia ulimi, akauliza ni lini alikojoa. Rébecca akasema jana asubuhi. Agar akaniambia, na sauti ya kawaida, sawa anaagiza mboga, kwamba mutoto mwenye anaharisha hapigwe pwari hata siku moja, hata iwe mupya, hata iwe imechemuka. Maji inamukimbia, sasa wewe unamufungulia mulango tena. Anahitaji kunywa. Ziwa ya mama, asiache. Na maji iliyochemuka, litre moja, kijiko kidogo sita za sukari, na nusu kijiko ya chumvi.

— Iko na sukari?

Nikageuka. Sukari yangu yote ya ile wiki ilikuwa pale ku banc, mu kopo, na Zorobabel alikuwa ameshika kijiko ndani yake.

— Kanyere, akasema, hii kahawa bila sukari haiko kahawa.

Nilimunyanganya kopo na kijiko. Nikamuambia kama anataka utamu, aweke mithali. Kisha nikainama ku moto, nikamwaga kahawa yote ya birika mu mutaro. Ilikuwa kahawa ya asubuhi nzima. Nikasugua birika, nikatia maji, nikachochea. Salomon alishika kikombe yake na mikono mbili sawa anaogopa nitaimwaga nayo.

Maji ilipochemuka, njo nikakumbuka kwamba chumvi haikuwa mu nyumba yangu. Wiki mbili tulikuwa tunakula bila chumvi, ju ya kiburi. Ku avenue yote kulikuwa na mulango moja tu ya kupata chumvi.

— Tutume mutu, Mashaka akasema.

Nikasema hapana. Nikaenda mwenyewe. Nyumba ya Virginie ni hatua sitini toka ku banc, na zote nilizisikia. Nilikuwa nafikiri maneno ya kusema, na kila neno nilikuwa naliona ni fupi. Alikuwa mu kiwanja, anachambua maharagi. Alisimama aliponiona. Nadhani alifikiri nimekuya kugombana, ju alifuta mikono polepole na hakusema karibu.

— Natafuta chumvi, nikasema. Nusu kijiko. Ni ya Luc.

Aliingia, akatoka na kabakuli kadogo keupe ka mabati. Karibu na mulango kulikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Mbele ya macho yangu akaosha kale kabakuli, ndani na inje, akakasuuza, akakatikisa, akakapanguza na kitambaa safi. Kabakuli kalikuwa kamekwisha kuwa safi, mimi nilikaona. Siku ingine ningesema ananitukana. Ile siku nilisimama, nikaangalia vile mikono yake inafanya, toka mwanzo mpaka mwisho. Akatia chumvi, mingi kupita ile nilimuomba.

— Muende mbio, akasema.

Nilikwenda mbio.

Agar alipima mwenyewe. Akaonja, akasema isiwe na chumvi kupita machozi. Rébecca akaanza kumupa na kijiko, kimoja, anangoja, kingine. Cha kwanza Luc alitapika. Agar akasema tungoje kidogo, tuendelee. Hata mimi alinipa kazi: kuhesabu vijiko, nisipate nafasi ya kulia. Nilifika mia moja na kitu nikapoteza hesabu, nikaanza tena.

Banaume habakuondoka. Hiyo nitabasifia. Balibakia ku banc na vikombe vya mutupu, na mulango ulikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza baliuliza. Mashaka njo aliuliza, kwa sauti ya haya, bibi yake ameazima pwari wiki ilipita, sasa itakuwa namna gani? Agar alimujibu na macho ku mutoto. Kila nyumba yake, akasema, kama mutu lazima aitumie. Mutu haazime muswaki. Maji ya uvuguvugu, uijaribu ku kiwiko, na hakuna pilipili, hakuna tangawizi, ile inachoma matumbo ndani kwenye hauone. Mafuta kidogo ku mudomo, na ikikataa kuingia usilazimishe, matumbo inapasuka sawa kitambaa ya zamani. Kisha sabuni, unavuta maji ya moto unatoa, unavuta unatoa, mpaka itoke sawa iliingia, unachemusha, na unaitundika mudomo chini mpaka ikauke.

— Kavu, Zorobabel akasema.

— Kavu kabisa.

— Na mutupu.

— Sasa utatia nini ndani, Préfet?

Zorobabel akakubali na kichwa. Halafu Agar akauliza kama bado banataka kutuma bijana kwa Maliro mangaribi, ju asubuhi balimumwagia hata ile mupango. Salomon alisafisha koo mara mbili. Akasema ile habari ilikuwa haijahakikishwa. Kisha akainuka, akasema anapita nyumba kwa nyumba, zile tisa zote, kubaambia chumvi na sukari na maji ya kuchemuka. Nikamuuliza kama ataongeza yake. Akasema hapana, hii ataisema vile iko. Na kweli, mpaka leo njo habari moja Radio alitangaza bila kuiongezea kitu.

Pwari yangu, Agar akaiangalia ndani ku jua. Mupira ulikuwa umepasuka-pasuka, weusi umeingia mu mifereji. Akasema hii hata ukiichemusha mpaka Krismasi, itupwe. Na mimi miaka ngapi nilikuwa nayo! Mashaka akaiomba. Akasema ni muzuri sana kupuliza vumbi mu carburateur.

— Uko na carburateur? nikamuuliza.

— Itakuya.

Nikamupa. Aliinusa mara moja tu, akaenda kuchimba shimo nyuma ya choo, akaizika.

Saa nane na nusu Luc alikojoa. Alikojolea Rébecca ku kikwembe, kidogo, njano sawa chai, na Rébecca akapiga kelele mpaka banaume bakasimama bakifikiri ni kifo. Agar alitoka ku mulango, akabaambia tu: amekojoa. Banaume bazima batatu, mumoja préfet, bakaanza kupeana mikono ku barabara ju ya mukojo ya mutoto. Jokébed naye alisikia, akageuka mbio kurudi kwa baba mukwe yake na chupa ya maji ya sukari na chumvi mu mukono. Muzee alikuwa amechoka sana. Tulimuzika jumapili. Hakuna mutu alisema ni kosa ya nani, na mimi ku matanga nilikaa nyuma kabisa.

Lakini ile siku ya Luc ilikuwa haijaisha. Kabakuli ka Virginie kalibakia juu ya meza, na chombo ya mutu hairudi mutupu. Nilitafuta nyumba nzima. Sukari imekwisha. Kahawa ilikuwa mu mutaro. Maharagi, ngumi moja, ningeweza kuitia, na Virginie angepokea, na tungekuwa sawa mbele ya batu bote.

Nikarudisha maharagi mu kitunga. Nikachemusha maji. Nikasugua kale kabakuli na majivu, nikakapitisha sabuni, nikakasuuza mara tatu, nikakalaza mudomo chini ku jua mpaka tone ya mwisho ikauke. Kisha nikakabeba zile hatua sitini, mbele ya banc, kifuniko hakuna, kitambaa hakuna, kila mutu aone vile kako mutupu.

Virginie alikapokea. Aliangalia ndani. Akapitisha kidole, polepole, kuzunguka, kikatoka kikavu.

— Ingia, mama Kanyere, akasema. Maharagi inaiva.